Vidonge vya Zamu

Mume wangu Hamisi alizikwa baada ya swala ya adhuhuri, na tangu siku hiyo sijavuka kizingiti cha mlango wa mbele. Niko edani. Nimevaa nguo zisizo na urembo, sijipaki wanja, sijifukizi udi, na dunia naiona kupitia dirisha la chumba hiki na ua wa nyuma tu. Wanawake wanaokuja kunitazama hunipa pole kwa sauti ya chini, kisha huniuliza kama sijachoka kufungiwa. Huwajibu kwamba eda ni haki ya marehemu na nitaitimiza. Kufungiwa nilikuzoea zamani, wao hawajazaliwa. Ulikuwako mwaka mmoja nilifungika ndani ya nyumba hii hii kuliko nilivyofungika sasa. Sasa naijua siku nitakayotoka. Mwaka ule sikuijua.

Jina langu ni Saumu. Wazee wangu walikuwa nani na walitoka wapi, hayo siyaandiki. Nilisoma hadi darasa la tano, nikavunja ungo, nikatolewa shule, nikawekwa ndani. Kusoma nilimalizia ukubwani, kwa ngumbaru, na herufi zangu ni kubwa kama za mtoto, lakini zinasomeka. Lililonishikisha kalamu ni maneno ya barazani. Dirisha langu liko juu ya baraza, na wanaume wakishaketi husahau kwamba mjane ana masikio. Wiki iliyopita, baada ya alasiri, mwanangu Bakari alikuwa hapo na majirani wawili, wanakunywa kahawa, wanazungumza habari ya shule. Bakari yumo katika kamati ya wazazi. Mwalimu mkuu amewaambia kwamba anataka kumleta muuguzi azungumze na wasichana wakubwa habari ya miili yao, mimba inavyoingia na inavyozuilika. Jirani mmoja akasema huko ni kuwafundisha watoto uhuni kwa chaki ya serikali. Wa pili akasema zamani msichana alifundwa na somo wake, akafundika, na hakuna muuguzi aliyeitwa. Bakari akasema mpwa wake hatakaa katika darasa hilo. Siku hiyo atabaki nyumbani amsaidie nyanya yake kazi. Huyo mpwa ni Mwanakombo, mjukuu wangu, anayelala nami chumba hiki. Mamake, Riziki, anafua mashuka katika hoteli moja huko Diani na huja mwisho wa wiki. Wakati wanaume wanasema hayo, mtoto mwenyewe alikuwa uani, amekalia mbuzi, anakuna nazi ya mchuzi wa jioni. Nikamtazama. Jina lile, na mbuzi ile.

Mbuzi hiyo ni ya zamani kuliko watoto wangu wote. Miguu yake hukunjika, na ulimi wake wa chuma umebadilishwa mara nyingi, lakini mbao ni zile zile. Chini ya kikalio, pale mbao mbili zinapokutana, pana mwanya ambao ukiutazama huuoni, bali ukiupapasa unaupata. Aliyenionyesha mwanya huo ni Mwanakombo mwingine, nyanya mzaa mama wa mtoto huyu. Alikuwa mke mwenzangu.

Niliolewa nimeshapita miaka kumi na minane, na watu walisema nimechelewa. Somo wangu alikuwa amenifunda vya kutosha, kwa mizani yake. Alinifunza kumwamkia mama mkwe kwa magoti, kupika wali usiokuwa bokoboko wala mbichi, kujisafisha, kuinamisha macho, kutotoa siri ya chumbani. Mimba inaingiaje na inazuilikaje, hilo halikuwemo. Nilipomuuliza alinifinya sikio, akasema hayo atanifunza mume na Mungu. Basi niliingia nyumba hii nikijua kukunja shuka kwa adabu na sijui lolote la mwili wangu mwenyewe. Anayesema wa zamani walifundika, aje aniulize mimi.

Nyumba wakati ule ilikuwa ya udongo na makuti. Katikati ukumbi, chumba cha Mwanakombo kushoto, changu kulia, milango ikitazamana. Mama mkwe alilala chumba cha mbele, ubavuni mwa mlango, na hakuna aliyetoka asimwone. Kisimani tulikwenda kwa ruhusa. Harusini tulikwenda naye, na msibani tulikwenda naye. Hamisi alikuwa mkata mawe katika timbo, upande wa juu wa barabara, mawe ya kujengea mahoteli. Alirudi jioni mweupe kwa vumbi kama aliyetoka kaburini, akaoga, akasali, akala. Hakuwa mtu mbaya. Hakunipiga, hakunitukana, na naandika hivyo kwa sababu ni kweli. Alikuwa mtu wa haki, na haki yake aliishika kama anavyoshika kamba ya kupimia mawe. Akinunua kanga alinunua jozi mbili za bei moja. Akileta samaki alimweka juu ya kibao, akamkata kati yeye mwenyewe kwa kisu chake. Leo kichwa kwangu, kesho kichwa kwa mwenzangu. Sukari ilipimwa kwa kikombe kimoja. Na siku za kulala zilikuwa zamu: mbili kushoto, mbili kulia. Nilimsikia akivuka ukumbi na mto wake kwapani, na hata aliyekuwa mgonjwa hakupunjwa.

Mimi nililetwa kwa sababu ya ugonjwa wa Mwanakombo. Alikuwa amezaa mara kadhaa, watoto wake wakilelewa kwa mamake, na uzazi wa mwisho ulimtoa damu mpaka akabebwa hospitali. Huko Hamisi aliambiwa kwamba tumbo la mkewe limechoka, lisibebe tena. Akafikiri siku nyingi, akaona dawa ni kuoa mke wa pili, ili wa kwanza apumzike. Ndiyo hekima aliyokuwa nayo. Siku niliyoingia, Mwanakombo alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni, mwembamba, mkono kiunoni. Akaniangalia na hina yangu miguuni, akanikabidhi ndoo.

"Nasikia umeletwa kunipumzisha," akasema. "Basi anza na maji."

Nilimchukia kwa miezi ya mwanzo. Naye hakunipenda. Lakini jiko lilikuwa moja, na moshi haujui mke mkubwa wala mdogo. Ulitutoa machozi sote. Alikuwa na ulimi. Mama mkwe akimsifu mkwe mdogo kwa kuamka mapema, Mwanakombo alininong'oneza kwamba punda mgeni siku zote hukimbia. Nikacheka siku moja, sufuria ikaniponyoka, na tangu hapo tukawa tunakula sinia moja huko uani, sima na mboga chungu ya mtsunga kwa nazi, sote wawili tumejikunja kwenye kivuli chembamba cha ukuta. Nilipojifungua Bakari ni yeye aliyenikanda kwa mafuta ya nazi na maji ya moto arobaini nzima, akinitukana kwa upole kila nikilia.

Siri yake niliipata kwa kusikia, kama nilivyopata kila jambo katika nyumba hii. Nilikuwa nimelaza mtoto, na ukuta wa udongo ulikuwa na ufa. Mwanakombo alikuwa na mama mkwe ukumbini, wanapepeta mchele. Alimwambia kwamba kupumzishwa alikoahidiwa hakuko. Mume bado anakuja zamu yake, na yeye anaogopa. Anamtaka mama amwambie mwanawe amwache. Mama mkwe hakuacha kupepeta. Akasema daktari ana lake na Mungu ana lake. Kisha akasema neno ambalo baadaye nililiona ndilo kufuli la nyumba nzima: mke akirudisha mume mlangoni, watu watasema ameachwa na bado yumo ndani, na mke wa namna hiyo hata kuku humdharau. Siku nyingine nikamsikia akimwomba Hamisi mwenyewe. Sauti ya Hamisi ilikuwa ya huruma, na huruma hiyo ndiyo iliyonitisha.

"Zamu zangu mpe mwenzangu," Mwanakombo alisema. "Mimi nimekuridhia."

"Leo umeridhia, kesho watu watakutia maneno ujute. Mwenye wake wawili akimwelemea mmoja, atafufuliwa upande mmoja umepinda. Mimi sitaki kufufuliwa nimepinda, Mwanakombo. Nitakupa haki yako."

Sisemi dini ina kosa. Baadaye sana nilimsikia shehe akisema kwamba mke anaweza kutoa zamu yake kwa hiari na mume asiwe na dhambi. Lakini shehe huyo hakuwako ukumbini siku ile. Alikuwako Hamisi na hofu yake ya kupinda, na Mwanakombo na hofu yake ya kufa, na katikati yao mlango uliokuwa lazima ufunguliwe kila baada ya siku mbili.

Mimi nami nilikuwa na hofu yangu. Bakari alikuwa ananyonya, na huku kwetu mama akishika mimba huku mtoto yuko ziwani, mtoto hubemendwa: hudhoofu, miguu ikawa vijiti, na lawama yote ni ya mama. Niliwaona watoto wa namna hiyo. Basi usiku wa zamu yangu nilikuwa nikimtazama mwanangu kama mwizi anayetazama mali ya watu.

Ruhusa yangu pekee ya kutoka ilikuwa kliniki, kila mwezi, kumpima mtoto uzito. Mama mkwe alinifuata hadi kwenye benchi la zahanati, akaketi ubavuni mwangu, na kila aliyepita alimjua. Muuguzi alikuwa mama mmoja mnene wa bara, tukimwita Sista, Kiswahili chake cha haraka haraka. Ukutani palikuwa na picha ya mama, baba na watoto wawili wamevaa viatu. Nilisikia wanawake wakisema mle ndani mna dawa ya kupumzisha uzazi. Siku moja mama mkwe aliitwa nje na jamaa yake, nikamwinamia Sista pale kwenye mizani, nikamwomba. Sikusema ni ya nani. Mdomo haukuweza. Akaniuliza mume wangu ameridhia? Nikamrekebisha mtoto kwenye mizani. Akasema hawezi kutoa bila neno la mume, ndiyo amri. Kisha akaniangalia tena, mimi na mtoto, akatazama mlango, akafungua saraka. Alichokitoa alikiingiza ndani ya winda la Bakari, nepi yake ya kitambaa, chini ya mgongo, akalifunga. Kivuli cha mama mkwe kilikuwa kimeshafika kizingitini.

"Kimoja kila jioni," Sista akasema haraka, kama anayenielekeza dawa ya kikohozi. "Usiruke."

Hayo ndiyo mafundisho yote niliyopata. Hakuna aliyeketi na mimi, na mimi sikuwa na nafasi ya kuuliza.

Alichonipa Sista nilikifungua jikoni, Mwanakombo akisimama mlangoni kuzuia njia. Ilikuwa karatasi ngumu ya kung'aa, na vidonge vimo, kila kimoja katika kijumba chake. Maandishi yalikuwa Kiingereza. Vishale vidogo vilitoka kijumba hadi kijumba, vikapinda mwisho wa mstari na kuendelea. Safu ya mwisho ilikuwa ya rangi ya udongo, na Mwanakombo akasema hivyo labda ni vya Ramadhani, mume anapofunga. Tukacheka, mikono mdomoni. Kisha nikamwambia vyote ni vyake. Yeye ndiye aliyekatazwa kuzaa. Akaiangalia ile karatasi, akaniangalia mimi na mtoto mgongoni.

"Nawe ubemende mtoto? Saumu, katika nyumba hii mimi sijala kitu kizima tangu uje. Tutagawana."

Na tukagawana kama tulivyozoea. Kila kitu mle ndani kilikatwa nusu, samaki, sukari, kanga na mume, na sisi hatukuona kwa nini dawa isikatwe. Akili yetu ilituambia hivi: dawa ya homa humezwa siku ya homa, basi dawa ya mume humezwa siku ya mume. Vishale tulivisoma kuwa ni njia ya zamu. Viwili vyangu, viwili vyake, kisha kishale kinapinda kinarudi. Sista alisema kimoja kila jioni, na kweli kila jioni kimoja kilitoka. Alisema tusiruke, na hatukuruka. Mwenye zamu ndiye aliyekuna nazi siku hiyo. Aliketi juu ya mbuzi, akapapasa mwanya, akatia mdomoni, akaendelea kukuna. Mwanamume hakai juu ya mbuzi na mama mkwe mkono wake mmoja ulikuwa umekufa ganzi, kwa hivyo hapakuwa na mahali pa salama kuliko hapo. Mwisho wa mwezi karatasi iliisha barabara, nikaenda kliniki, Sista akatia nyingine katika winda. Aliona mwanamke mmoja anayemaliza dawa yake kwa wakati. Hakuwa na sababu ya kuniuliza kitu.

Miezi hiyo ndiyo iliyokuwa na nafuu katika mwaka ule, na naikumbuka kwa harufu ya nazi. Mwanakombo alinenepa kidogo. Alianza kuimba nyimbo za harusini, zile za kusutana, akinitia jina langu. Mlango wa mbele ulikuwa umefungwa kama kawaida, mama mkwe yuko pale pale, lakini tulikuwa na mlango wetu mdogo chini ya kikalio.

Halafu siku moja Hamisi alileta nguru, Mwanakombo akamkaribia kwa kisu, akageuka ghafla akakimbilia nyuma ya choo. Nilimsikia akitapika. Aliporudi alikuwa amenawa uso, akachukua kisu akaendelea kupara magamba. Mimi nilitazama mbuzi. Nilipapasa mwanya mbele yake, nikatoa karatasi; vijumba vyote vya siku zilizopita vilikuwa vitupu, hakuna hata kimoja kilichosahauliwa. Tuliitazama kama watu wanaotazama saa iliyosimama.

Nilikwenda kliniki kabla ya siku yangu, nikasingizia kikohozi cha Bakari. Mama mkwe alikuja, lakini safari hii sikumngoja aitwe nje. Nilimwambia Sista mtoto ana upele sehemu ya siri, nikaingia naye nyuma ya pazia. Huko nikamwambia yote, zamu, nusu, vishale. Alikuwa ameshika bomba la sindano, akaliweka chini. Mwanzo nilidhani atacheka, maana midomo ilimtetemeka.

"Mmegawana?" akasema. "Karatasi moja?"

"Ndiyo, Sista. Hatukuruka."

Akaketi. Akaniambia polepole, neno moja moja, kwa ile sauti aliyopaswa kuitumia tangu mwanzo kama amri na mama mkwe wangempa nafasi. Kidonge humezwa na mtu mmoja kila siku, mume awepo asiwepo. Kikirukwa, mwili unafunguka. Mimi nilikingwa na maziwa yangu tu, na Mwanakombo alikuwa ameshaachisha. Tulichofanya ni sawa na kufunga mlango siku mbili na kuuacha wazi siku mbili, tukadhani mwizi anajua zamu. Akauliza mimba ina miezi mingapi. Nikamwambia nijuavyo. Akasema aletwe hospitali mapema, tumbo likikaribia, asingoje uchungu.

Nilimwambia Mwanakombo ukweli tukiwa tunachambua mtsunga. Sikuona vizuri kumficha. Alichambua jani baada ya jani mpaka ungo ukaisha.

"Kumbe tungekuwa na choyo tungepona," akasema.

Miezi iliyofuata sikuwahi kuona mtu aliyefungika vile. Mimba ilikuwa ndani yake, na yeye ndani ya chumba, na chumba ndani ya nyumba, na mama mkwe mlangoni. Hamisi alipojua alifurahi kwanza, akasema mtoto ni riziki, kisha akakumbuka maneno ya hospitali. Akawa analeta maini. Aliyakata nusu. Kuhusu kwenda hospitali mapema, mama mkwe alisema mwanamke haendi kukaa kwa watu na tumbo lake kama mkimbizi; uchungu ukija mkunga yupo, na ikishindikana mume ataitwa aamue. Hamisi akasema mama ameshasema. Mwanakombo hakubishana. Alikaa kitandani anashona vitambaa vya mtoto, na jioni nikikuna nazi aliniuliza kwa sauti ya mzaha kama karatasi imefika vile vya Ramadhani. Nilikuwa nameza kila siku sasa. Yeye ndiye aliyenishurutisha. Nilipokuwa nikimeza, sikuweza kumtazama.

Uchungu ulimjia asubuhi, Hamisi ameshakwenda timboni. Mtoto alitoka kwa haraka, wa kike, analia vizuri, na mama mkwe akashukuru. Lakini damu haikukoma. Mkunga alibadilisha kanga, akabadilisha nyingine, kisha akanyanyua macho. Nikasema apelekwe. Mama mkwe akasema mume angojewe, hatoki mke wa mtu bila mwenyewe. Nikamtazama kwenye kiti chake ubavuni mwa mlango. Nikampita. Nilitoka mlango wa mbele bila kuaga, bila buibui, miguu mitupu, Bakari nimemwacha analia, nikakimbia njia ya timboni mchana kweupe na watu wananiona. Hamisi alikuwa chini shimoni. Sikumwamkia. Nilimwambia Mwanakombo anaisha, leta lori.

Lori lilikuwapo, limeshapakiwa mawe ya hoteli hadi juu. Basi wanaume wakaanza kuyashusha. Sijasahau sauti ile, jiwe moja linapokezwa mkono hadi mkono, na lingine, mpaka Hamisi akapanda juu mwenyewe akaanza kuyavurumisha chini, yakipasuka, mawe aliyoyapima kwa kamba. Tulifika nyumbani, tukamlaza Mwanakombo juu ya godoro kwenye vumbi jeupe, mimi nimempakata kichwa na mtoto nimemfunga kifuani. Mtoto akatafuta ziwa, nikampa. Mwanakombo aliona.

"Saumu," akasema, na nilimwinamia nisikie. "Leo basi nipumzishe kweli."

Tulikuwa bado hatujaifikia barabara ya lami.

Hamisi ndiye aliyempa mtoto jina la Riziki. Nilimnyonyesha pamoja na Bakari, ziwa moja kila mtu, na hakubemendwa yeyote. Arobaini ya msiba ilipopita, Hamisi aliniambia nivae buibui, tukaenda zahanati wawili tu. Alisimama mbele ya Sista, kofia mkononi, akasema, "Mpe." Neno jingine hakulisema, pale wala miaka yote iliyofuata. Hakuoa tena. Lakini kwa muda mrefu, akileta samaki, mkono wake uliendelea kumkata kati, kisha akasimama na kisu akiangalia vile vipande viwili.

Sasa narudi dirishani. Bakari aliposema mpwa wake atabaki nyumbani, nilisukuma pazia.

"Bakari," nikamwita. "Ziwa ulilonyonya, ulinyonya na nani?"

Wanaume walishtuka. Jirani mmoja akakohoa, akasema mama yuko edani, tusimsumbue. Nikamjibu kwamba eda imenifunga miguu, haijanifunga mdomo.

"Na Riziki, mama," Bakari akasema.

"Na kwa nini Riziki hakuwa na la mamake?"

"Mamake alikufa kwa uzazi. Amri ya Mungu."

"Mauti ni amri ya Mungu. Ujinga hakuuamuru. Ingia ndani, ukae, nikwambie alikufa kwa nini. Na hao wenzako kama wana binti, nao wasikilize hapo hapo dirishani."

Nilimwambia, na mlango wa uani ulikuwa wazi, na mbuzi ilikuwa imenyamaza kukuna tangu zamani. Nilijua mtoto anasikia. Sikumfukuza. Bakari alikaa kwenye mkeka ameinama, mtu mzima mwenye mvi, na nilipomaliza aliniuliza kwa nini sikumwambia siku zote. Nikamwambia somo wangu alinifinya sikio, nami nikadhani ndivyo inavyofunzwa. Akaondoka bila kunywa kahawa yake. Kesho yake alfajiri alipita dirishani akasema mtoto ataenda. Nikamwambia akae mbele, asikie vizuri.

Jana ndiyo ilikuwa siku ya somo hilo. Mwanakombo alirudi, akavua viatu, akaniamkia shikamoo, akaenda moja kwa moja kukaa juu ya mbuzi kama aliyetumwa. Nilimwacha akakuna nusu ya nazi. Kisha nikamuuliza walifunzwa nini. Akasema muuguzi aliwaonyesha vitu vingi, na karatasi ya vidonge vyenye vishale pia, akawaambia yeyote mwenye swali aulize.

"Nani aliuliza?"

"Mimi, nyanya." Hakunitazama, alikuwa anatazama ulimi wa mbuzi. "Nilisimama nikauliza, kama nyumba ina wake wawili na karatasi ni moja. Darasa zima lilicheka."

"Na yeye alicheka?"

"Hakucheka. Alisema ni swali zuri. Akasema kila mtu karatasi yake, na kila siku."

Nikamwambia arudie, sikusikia vizuri. Nilikuwa nimesikia. Akarudia kwa sauti kubwa zaidi, mpaka wa barazani wakanyamaza.